Vikombe sita vya uji na bado anakonda: mwongozo kamili wa kumlisha mgonjwa wa saratani ya umio au ya mfuko wa chakula, kabla na baada ya upasuaji

Mwanamke mmoja alinionyesha daftari wodini. Alikuwa akimuuguza baba mkwe wake, na kila siku aliandika alichomlisha: uji saa moja, uji saa nne, uji saa saba, hadi vikombe sita. Hakukosa hata siku moja. Mzee alikuwa amepungua kilo nne katika wiki tatu za kusubiri upasuaji.

Alifanya kila alichoambiwa. Aliambiwa "mpe uji", na hakuna aliyemwambia uji gani. Nimeliona jambo hilo mara nyingi mno, ndiyo maana naandika hatua zote hapa, pamoja na vipimo vyake.

Kwa nini uhangaike hivi? Mshono wa ndani hushikana kwa protini. Misuli ya kifua ndiyo inayomwezesha mgonjwa kukohoa makohozi baada ya usingizi wa dawa, na asipoweza kukohoa hupata nimonia. Askari wa mwili wanaozuia kidonda kutunga usaha nao hutengenezwa kwa chakula. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulifuatilia wagonjwa zaidi ya 5,700 waliofanyiwa upasuaji wa saratani ya mfuko wa chakula au utumbo mpana katika nchi 75. Mmoja kati ya watatu alikuwa na utapiamlo mkali, na katika nchi za kipato cha chini na cha kati-chini walikuwa zaidi ya sita kati ya kumi. Wenye utapiamlo mkali walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa ndani ya siku 30 baada ya upasuaji.

Naandika hasa kuhusu umio, yaani mrija unaoshusha chakula kutoka kooni hadi tumboni, na mfuko wa chakula. Saratani ya umio imeshika ukanda mzima wa mashariki mwa Afrika, kuanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini, na familia za Bomet na za Kilimanjaro zinaijua vizuri. Tena hufunga njia ya chakula yenyewe, kwa hiyo mgonjwa hufika kwa daktari wa upasuaji akiwa amekwisha kukaa na njaa miezi kadhaa.

## Mahitaji

- Mizani ya kupima uzito. Ya zahanati au duka la dawa inafaa, ilimradi iwe ileile kila mara.
- Daftari na kalamu.
- Kikombe kimoja cha mililita 250 na kijiko kimoja cha mezani. Usibadilishe.
- Chujio la matundu madogo, na blenda ikiwezekana. Kinu na chujio pia hufanya kazi.
- Unga wa ulezi au mahindi, na unga wa kimea cha ulezi.
- Maziwa, mayai, siagi ya karanga, maharage, mafuta ya kupikia, sukari, parachichi.
- Chupa ya chai inayotunza moto vizuri.

Chagua karanga kwa macho. Zenye ukungu, zilizosinyaa au chungu mdomoni zitupe, maana zinaweza kuwa na sumukuvu.

Kama huna kimea, kitengeneze: loweka ulezi usiku mmoja, umwage maji, utandaze juu ya kitambaa chenye unyevu na kuufunika siku mbili au tatu hadi uchipue. Anika juani ukauke kabisa, pukuchua mizizi na machipukizi uyatupe, kisha saga. Ukinusa harufu ya ukungu, anza upya.

## Hatua ya 1: Pima, kisha piga hesabu

Mpime asubuhi kabla hajala, akiwa na nguo nyepesi. Muulize alikuwa na kilo ngapi miezi sita iliyopita. Kama hajui, tazama kadi za kliniki za zamani, au angalia tundu la mkanda alilokuwa akifungia.

Chukua kilo alizopoteza, gawanya kwa kilo za zamani, zidisha kwa 100. Aliyekuwa na kilo 62 na sasa ana 54 amepoteza kilo 8, yaani asilimia 13 hivi.

Akizidi asilimia 10 ndani ya miezi sita, yumo hatarini, na daktari wa upasuaji anapaswa kusikia namba hiyo kutoka kinywani mwako. "Amekonda" kila mgonjwa amekonda. "Amepoteza asilimia 13" ni taarifa ambayo daktari anaweza kuifanyia uamuzi.

Kisha hesabu mahitaji yake ya siku. Kila kilo ya mwili inahitaji kalori 25 hadi 30 na protini gramu 1.2 hadi 1.5. Mgonjwa wa kilo 50 anahitaji basi kalori 1,250 hadi 1,500, na protini gramu 60 hadi 75. Mwenye ugonjwa wa figo au ini apangiwe na daktari wake.

Umefanikiwa kama: una namba tatu kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari: asilimia aliyopoteza, kalori, na protini.

## Hatua ya 2: Maswali ya kumuuliza daktari kabla hujawasha jiko

Anaruhusiwa kumeza nini: vigumu, vilaini, au vya maji tu? Upasuaji ni baada ya siku ngapi? Na kama hawezi kumeza vya kutosha, atawekewa nini: chuma cha kutanua umio, au mpira wa kulishia?

Familia nyingi huogopa swali la muda. Wanaona kila siku inayopita saratani inakua, basi wanasukuma upasuaji ufanyike kesho. Miongozo ya lishe ya upasuaji inasema mgonjwa aliyekonda sana alishwe kwanza siku 7 hadi 14, hata kama upasuaji mkubwa utabidi usogezwe mbele. Wiki mbili za kumlisha kwa bidii ni sehemu ya matibabu. Lakini wiki mbili za kusubiri tu, akinywa uji wa maji, ni hasara tupu.

Hatari: akikohoa au kupaliwa kila anapomeza maji, acha kumlisha kwa mdomo na umpeleke hospitali siku hiyohiyo. Huenda kuna tundu kati ya umio na njia ya hewa, na chakula kinaingia mapafuni.

## Hatua ya 3: Kama hajala kwa siku nyingi, anza polepole

Soma hapa kabla ya kufika kwenye mapishi. Mtu aliyekaa siku tano au zaidi bila chakula cha maana, au aliyepoteza zaidi ya asilimia 15 ya uzito wake, akishibishwa ghafla anaweza kufa. Mwili uliozoea njaa ukipata wanga mwingi kwa mara moja, madini ya fosforasi, potasiamu na magnesiamu hushuka upesi kwenye damu, na moyo unaweza kusimama.

Mgonjwa wa namna hii aanzie hospitali, apimwe damu, apewe vitamini B1 kabla ya chakula, kisha chakula kiongezwe kidogo kidogo kwa siku kadhaa kama wodi itakavyopanga.

Katika wiki ya kwanza, miguu ikivimba ghafla, akapumua kwa shida, akachanganyikiwa au moyo ukaenda mbio, mrudishe hospitali bila kusubiri asubuhi.

## Hatua ya 4: Pika uji mzito, kisha uulainishe kwa kimea

Sasa turudi kwenye daftari la yule mkwe. Uji wa kawaida wa kunywa una unga gramu 100 hivi kwa lita. Vikombe sita ni lita moja na nusu, basi mzee alikuwa akipata kalori 500 na kidogo, na protini gramu 12 hivi. Alihitaji mara tatu ya kalori hizo na mara tano ya protini. Tumbo lilijaa maji, na kila mtu akaamini ameshiba.

Ukiongeza unga, uji unakuwa bokoboko na hawezi kuumeza. Ukiongeza maji unapita, lakini haumjengi. Hapo ndipo kimea kinapookoa. Nafaka iliyochipua ina vimeng'enya vinavyovunja wanga, na kijiko kimoja hugeuza sufuria ya uji mzito kuwa uji unaomiminika, bila kuongeza hata tone la maji. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania ilihimiza kimea tangu miaka ya 1980 kwa ajili ya uji wa watoto. Mgonjwa ambaye umio wake umebaki tundu dogo anakihitaji vilevile.

Kwa siku moja:

- Unga gramu 200 (kikombe kimoja na nusu)
- Maji vikombe 3
- Kimea kijiko 1 kilichojaa
- Maziwa nusu lita
- Siagi ya karanga vijiko 3
- Mafuta vijiko 2
- Sukari vijiko 3

Pika unga na maji mpaka uive na uwe mzito kabisa. Epua, uache upoe kiasi cha kuweza kuuonja bila kuungua. Ukitia kimea kwenye uji unaochemka, vimeng'enya vinakufa na hakuna kitakachotokea. Wengi hukosea hapa, kisha husema kimea hakifanyi kazi.

Tia kimea, koroga, subiri dakika kumi. Utaona mwiko unapita wepesi. Rudisha jikoni uchemke tena dakika chache, kwa sababu kimea chenyewe ni kibichi na kimeshikwashikwa. Sasa tia maziwa, siagi ya karanga, mafuta na sukari, uchemke kidogo, kisha uchuje.

Utapata vikombe sita hivi, idadi ileile ya daftari, lakini sasa vina kalori 1,650 hivi na protini gramu 40 na ushei. Ongeza mayai mawili yaliyoiva na kupondwa laini (gramu 12), na kikombe cha maharage yaliyosagwa na kuchujwa (gramu 15). Mgonjwa wa kilo 50 amefikia lengo lake la protini.

Mwenye kisukari asitumie mapishi haya kama yalivyo: ondoa sukari, na uulize kliniki kuhusu kimea na dozi za dawa zake.

Kuhusu supu: supu ya mifupa ni nzuri kwa ladha na chumvi, ila protini imebaki kwenye nyama. Saga nyama pamoja na supu, au samaki aliyetolewa miiba, uchuje. Kumpa mgonjwa maji ya supu huku wenye afya wakila nyama ni kosa ninalolikuta karibu kila nyumba, na linafanywa kwa upendo mtupu.

Kuhusu dripu: lita moja ya dripu ya sukari ya asilimia 5 ina kalori 170 hivi na haina protini kabisa. Inaokoa mgonjwa aliyeishiwa maji mwilini. Haimlishi. Usikubali kulipia "dripu za nguvu" kwa fedha ambazo zingenunua trei ya mayai.

Na kuhusu ule usemi kwamba sukari, maziwa na nyama "vinalisha saratani": nimeona wagonjwa wakinyimwa vyote hivyo na kubakishiwa juisi ya bitiruti na majani ya stafeli. Ukimnyima mgonjwa chakula, uvimbe haufi njaa. Mwili huvunja misuli yake yenyewe kutengeneza sukari, na uvimbe unaendelea kupata sehemu yake. Anayekwisha ni mgonjwa. Tafadhali, mwache ale.

Umefanikiwa kama: uji unamiminika kutoka kwenye kikombe, anaumeza bila kukwama, na baada ya wiki moja uzito umesimama. Usingoje aongezeke kilo tano. Kusimama kushuka ni ushindi mkubwa.

## Hatua ya 5: Gawanya kwa saa

Vikombe sita kwa mara moja havimezeki. Mpe nusu kikombe au kikombe kimoja kila saa mbili kuanzia alfajiri, na kimoja kabla ya kulala. Uji wa chupa ukae wa moto. Uliokaa vuguvugu zaidi ya saa mbili umwage.

Andika alichokunywa, si ulichompa.

Chai mpe kando, saa moja kabla au baada ya chakula, kwani chai huzuia madini ya chuma, na wengi wa wagonjwa hawa wana upungufu wa damu. Iwe ya vuguvugu pia. Chai ya moto sana huumiza umio ulio mgonjwa tayari.

## Hatua ya 6: Mtembeze, na uzime sigara

Protini bila kazi haiwi misuli. Atembee uani mara tatu au nne kwa siku, ainuke kwenye kiti mara kumi bila kujishika. Avute pumzi ndefu mara kumi kila saa akiwa macho. Hayo ni mazoezi ya kukohoa atakayoyahitaji akiamka kutoka chumba cha upasuaji.

Sigara na pombe viachwe mapema, ikiwezekana wiki nne kabla. Dawa za mitishamba anazotumia zipeleke kwa daktari wa usingizi zote, hata zile anazoona haya kuzitaja. Baadhi huongeza damu kutoka.

## Hatua ya 7: Usiku wa kuamkia upasuaji

Kwa wagonjwa wengi kanuni ni chakula kigumu kisitishwe saa 6 kabla ya dawa ya usingizi, na maji meupe saa 2 kabla. Maziwa na uji vihesabiwe kama chakula. Mgonjwa ambaye umio au mfuko wake umeziba ana kanuni kali zaidi, kwani chakula hukaa juu ya kizuizi na kinaweza kumwagika mapafuni. Uliza saa kamili, uiandike.

Jambo linaloniumiza zaidi ni kuahirishwa. Mgonjwa amefunga tangu saa mbili usiku, saa nane mchana anaambiwa zamu haikumfikia, na jioni kila mtu amesahau kumlisha. Kesho anafunga tena. Siku tatu za hivyo zinafuta kazi ya wiki mbili. Kwa hiyo kaa na chupa ya uji karibu, na saa tano asubuhi muulize muuguzi kwa heshima: "Dada, mgonjwa wetu bado yupo kwenye orodha ya leo?" Akiambiwa hayupo, alishwe dakika hiyohiyo.

## Hatua ya 8: Siku za kwanza wodini

Usimpe chochote kwa mdomo bila ruhusa, hata kijiko cha maji. Aliyeunganishwa umio ana mshono mpya kifuani au shingoni, na ukivuja ni hatari kwa maisha yake. Ndiyo maana wengi huwekewa mpira mdogo unaoingia kwenye utumbo mdogo, walishwe hapo wakati mshono unapona.

Mpira wa utumbo mdogo haufanani na mpira wa mfuko wa chakula. Mfuko unaweza kupokea mililita 200 kwa mkupuo. Utumbo mdogo hauwezi; ukisukuma kwa bomba la sindano, atapata maumivu makali na kuharisha. Chakula kidondoke polepole, kwa kasi uliyoonyeshwa.

Nawa mikono kwa sabuni. Mweke ameinuka, si chali. Pitisha mililita 30 za maji yaliyochemshwa na kupoa kabla na baada ya kila mlo, na baada ya kila dawa. Tumia chakula maalumu cha hospitali kikipatikana. Ukiruhusiwa kutumia cha nyumbani, kichuje mara mbili, maana punje moja ya ulezi inatosha kuziba. Usisage vidonge na kuvipitisha bila kuuliza.

Mpira ukichomoka, funika tundu kwa shashi safi na urudi hospitali saa hiyohiyo. Tundu hujifunga ndani ya saa chache.

Mwite muuguzi akipata homa, moyo kwenda mbio, kukosa pumzi, tumbo kujaa na kuwa gumu, au kidonda kutoa maji yanayofanana na chakula.

Umefanikiwa kama: mlo unaisha bila maumivu, tumbo ni laini, na anainuka kitandani kila siku.

## Hatua ya 9: Nyumbani, mapishi yanabadilika

Uji uliomwokoa kabla ya upasuaji unaweza kumsumbua sasa. Mfuko umeondolewa au umebaki kidogo, kwa hiyo chakula kitamu huanguka moja kwa moja kwenye utumbo mdogo. Nusu saa baada ya kula anatoka jasho, moyo unadunda, anaharisha. Au saa mbili baadaye sukari ya damu inashuka na anatetemeka.

Ondoa sukari kwenye uji na upunguze kimea, kwa sababu kimea huvunja wanga kuwa sukari. Mafuta, karanga na mayai viendelee kuwemo. Mpe milo sita hadi minane midogo. Maji ayanywe nusu saa kabla au baada ya kula, si pamoja na chakula. Atafune mpaka chakula kiwe uji mdomoni.

Aliyetolewa umio asilale kabla saa moja haijapita tangu amalize kula, na usiku kichwa na kifua viinuke. Weka matofali chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwani. Mito pekee humkunja tumbo.

Usimlazimishe kumaliza sahani mbele ya wageni. Wageni nao waambiwe waje na mayai badala ya soda.

## Hatua ya 10: Miezi inayofuata

Endelea kumpima kila wiki, siku ileile. Akipungua kilo mbili ndani ya mwezi, nenda kliniki bila kungoja tarehe. Chakula kikianza kukwama tena, mshono huenda umebana, na hilo hutanuliwa.

Kama atahitaji tibakemikali, ile wengi wanaiita kemo, dozi hupangwa kwa uzito na urefu wa mwili. Aliyepoteza misuli huchoshwa zaidi na dawa, na mara nyingi hukatiza kabla ya kumaliza mizunguko yake. Kwa hiyo daftari la chakula liende naye kila safari.

Aliyeondolewa mfuko wote wa chakula hawezi tena kufyonza vitamini B12 ipasavyo. Atahitaji sindano zake maisha yote. Akiba ya mwili huchukua muda mrefu kwisha, hivyo familia husahau, kisha huanza ganzi miguuni, kuyumba na upungufu wa damu. Andika tarehe ya sindano ijayo kwenye jalada la daftari, chini ya jina lake, kwa wino unaoonekana.